Simu Mbili, Kioo Kimoja

Jumatatu, 2 Desemba

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha pedi ya Bwana Nsajigwa, kilichotokea usiku wa kuamkia leo hapa Mpui, nyumbani kwangu, chumba cha uani. Marehemu alikuwa kifaa cha kuchezea gemu, cheusi, chenye vitufe vingi na waya mmoja. Panya ameukata waya huo vipande vipande, wala hakula hata kimoja. Marehemu ameacha kompyuta na mpangaji wangu, afisa ugani, mtu wa Mbeya, ambaye asubuhi hakumaliza chai. Mazishi yatafanyika jalalani mvua ikikatika.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Chumba cha Nsajigwa kinavuja upande wa kitanda na upande wa meza, maana yake kinavuja. Ameomba kuhamishia kompyuta huku mbele, kwenye mgahawa wangu, mpaka fundi aje. Nimekubali. Kompyuta haiombi kuongezewa mchuzi.

Jumamosi, 7 Desemba

Pedi imepata mrithi. Nsajigwa ameweka programu kwenye simu yake, kompyuta ikatoa kimraba chenye madoa kama kitenge kilichochuja, akakimulika kwa kamera, na papo hapo kioo cha simu kikajichora vitufe. Hakuna waya. Akibonyeza simu, mchezaji wa kwenye kompyuta anapiga mpira. Simu na kompyuta zinasikilizana hewani tu. Na yeyote mwenye simu ya kupangusa anaweza kujiunga kwa simu yake. Ni kama siku ya kulimiana: shamba moja, kila mtu na jembe lake.

Ngurumo ilipopiga, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo, kama sisi Wafipa tunaviogopa vitu hivi vya kuendeshwa kwa mbali. Nikamwambia hapana, mdogo wangu, ni ninyi mliochelewa. Radi yetu haijawahi kuwa na waya. Akacheka, kisha akasogea mbali na dirisha.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa nimepita kwa Mama. Anakohoa, lakini si hilo linalomsumbua. Amenionyesha kwa kidevu shamba lake la kando ya kijito, nyasi zimeanza kupanda. Anataka mvua zikielekea ukingoni lipigwe ntumba, yale matuta yetu ya mviringo: nyasi mbichi zinakusanywa, zinafukiwa na udongo wenye maji, zinaoza humo, na msimu unaofuata ulezi unaota bila kumwomba mtu mbolea. Baba ndiye aliyekuwa akilipiga, yeye na kaka Kasimiri na mdogo wetu Beda. Baba tulimzika Machi iliyopita.

"Nataka wapige wote wawili," Mama amesema. "Akipiga mmoja, mwenzake atasema limeshachukuliwa. Sitaki kwenda kwa baba yenu na habari hiyo."

Hapo ndipo penye shida. Siku ya mazishi Beda alikuwa Muze, kule bondeni, kununua mpunga, na gari likakwama kwenye utelezi wa mteremko. Alipiga simu akasema nisubirini, niko njiani. Kasimiri hakusubiri. Beda alifika kaburi limeshafukiwa, watu wamekaa wanakula, na hakutupa hata konzi moja ya udongo. Tangu siku hiyo hawasemezani. Zaidi ya hapo, hawapokeani kitu mkononi. Wakija kula kwangu, Kasimiri akihitaji chumvi iliyo mbele ya Beda, naichukua mimi, naiweka mezani, naye anaiokota pale kama aliyeikuta njiani.

Baba alikuwa akituambia tukiwa wadogo: asiyepokea kitu toka mkononi mwako, huyo ameshakuzika. Alikuwa akiwasema majirani.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua. Kuku mmoja, wana wawili, meza mbili.

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimetenda jambo la hila, na nimelitenda vizuri.

Siku ya mnada mvua huwakusanya kwangu watu wasiopatana. Kasimiri alikuwa kwenye kona yake, Beda kwenye yake, migongo imeangaliana. Nsajigwa anacheza mpira peke yake na kompyuta, anashinda, na hafurahi. Nikawaza: pedi ile ya marehemu ilikuwa moja. Ukimaliza zamu unampa mwenzako, mkono kwa mkono. Ndugu zangu wasingeigusa hata miaka ipite. Lakini sasa kila mtu ana yake mfukoni. Hakuna wa kumpa mwenzake kitu.

Nikamwambia Kasimiri, kwa sauti ya kawaida, kwamba Nsajigwa anadai vidole vya wakulima haviwezi gemu. Nsajigwa alitaka kukana, nikamkanyaga. Kasimiri akatoa simu aliyoletewa na binti yake, akafungwa mabao asiyotaka kuyataja. Beda akajisogeza kuona kaka yake akiaibika, naye akaunganishwa simu yake, akafungwa vilevile. Ilipofika hapo nikamwita afisa ugani aje uani haraka, kuku wangu anaumwa. Kuku alikuwa mzima kuliko sisi sote. Tulikaa naye bandani mpaka Nsajigwa akaelewa.

Tuliporudi walikuwa wamekaa bega kwa bega, maana kioo ni kidogo, macho mbele kama watu walio mbele ya altare, wanafungana. Beda alipofunga, simu ya Kasimiri ikatetemeka mkononi. Ndivyo programu inavyofanya. Kasimiri akaiweka sikioni.

"Haloo?"

Beda akatoa pumzi puani. Tangu mazishi sijamsikia akitoa hata hiyo mbele ya kaka yake.

Jumatano, 15 Januari

Wamekuja tena. Kila mmoja amesema anapita tu.

Jumamosi, 18 Januari

Wana lugha yao. Hawasemezani, wanasema na Nsajigwa, au na kioo. "Mwambie huyo kipa wake amelala." "Mwambie huyo akazane na mguu, mdomo haufungi." Nsajigwa anageuza kichwa huku na huku kama mkalimani asiye na kazi, kwa sababu wote wameshasikia.

Leo katikati ya gemu Kasimiri akapigiwa simu na muuza mbegu. Akaipokea. Vitufe vikatoweka kwenye simu yake, na kule kwenye kompyuta watu wake wote wakasimama kama nguzo za umeme. Beda akawapita mmoja mmoja, taratibu, akafunga. Nsajigwa akamwambia si uungwana, angemsubiri kaka yake amalize.

Beda akakiambia kioo: "Kwani siku hizi watu wanasubiriana?"

Kasimiri akamaliza kuongea na muuza mbegu, akamuaga kwa adabu, akatia simu mfukoni, akatoka bila kofia kwenye mvua. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili, 19 Januari

Amerudi. Mtu anaweza kuvumilia neno zito. Kufungwa bao akiwa anaongea na muuza mbegu hawezi. Ila amejifunza: sasa akipigiwa katikati ya gemu anakata kwa kidole gumba, haangalii hata ni nani. Beda naye hivyohivyo. Nimeona ni maendeleo.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua. Sare.

Jumamosi, 8 Februari

Beda amesema kipa wa Kasimiri anadaka kama anayepokea komunyo: anafunga macho na kufungua mdomo. Kasimiri amecheka. Si kucheka kwa heshima. Amecheka mpaka akashika meza.

Nikafunga mgahawa mapema nimpelekee Mama habari. Alinisikiliza huku akipepeta ulezi.

"Wanacheza," akasema. "Wanaongea?"

"Wanaongea na kioo, Mama."

"Kioo kitapiga ntumba?"



Jumapili, 16 Februari

Nyasi za shamba la Mama zinafika begani. Majirani wameshaanza, kutoka barabarani unaona matuta mapya yamepangwa mlimani, meusi. Udongo umelowa vizuri, jembe linazama lenyewe. Nimeamua kuacha hila na kuuliza wazi.

Kasimiri: "Sijakataa. Aje aseme."

Beda: "Aliyekuwa na haraka na aanze."

Nilidhani nawajua. Kasimiri niliona ni jiwe, Beda niliona ni mtoto. Leo nimeona ni watu wawili walioshika kamba ileile, kila mmoja akingoja mwenzake aachie ili asianguke yeye.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika asubuhi ya Jumapili mambo ya jana, kwa sababu jana sikuandika.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya upepo, inayopiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Mgahawani walikuwepo Nsajigwa, ndugu zangu na wasafiri wachache waliokwama. Ndugu zangu walikuwa sare, na wasafiri walikuwa wameshagawanyika, hawa kwa mkubwa, hawa kwa mdogo. Mimi nilikuwa jikoni. Kwangu jiko na meza vinatazamana, hakuna mlango katikati. Nawaona wote.

Nikaona simu ya Kasimiri imeita. Akakata kwa kidole gumba. Watu wakashangilia, maana Beda alikuwa analikaribia goli lake na Kasimiri aliwahi kumzuia. Baada ya kitambo kidogo ikaita ya Beda. Naye sasa alikuwa amelikaribia tena. Akakata. Akapiga, mpira ukagonga mwamba.

Kisha ikaita yangu. Nikafuta unga mkononi, nikapokea.

"Monika." Sauti ya Mama ilikuwa ya kawaida, ila nyuma yake palikuwa na mvua, karibu mno, kama mvua ndiyo iliyoshika simu. "Kasimiri ana nini? Amekata. Na Beda naye amekata."

Nikauliza yuko wapi.

"Niko hapa uani. Nilitoka kuokota kuni zisilowe, nikateleza. Mguu haunyanyuki. Kama wako kazini, usiwasumbue."

Sikupiga kelele. Nilikwenda mbele ya kile kioo, nikasimama nimekiziba, na wasafiri wakaanza kunizomea nitoke. Nikasema: "Aliyewapigia ni Mama. Ameanguka. Amelala kwenye mvua."

Wakaziangalia simu mikononi mwao. Vitufe vilikuwa bado vinawaka.

Nsajigwa alichukua pikipiki, Beda akaruka nyuma yake. Kasimiri alikimbia kwa miguu, na njia ile ilivyo fupi na yenye tope, akafika nyuma yao kidogo tu. Mimi nilipofika Mama alikuwa ameshaingizwa ndani, kafunikwa koti la Kasimiri na sweta la Beda. Aliwaangalia wote wawili, wakiwa wamelowa, wamepiga magoti upande huu na huu wa mkeka, akasema, "Kumbe mlikuwa karibu." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu.

Lori lililokuwa likipita kwenda Sumbawanga lilikubali kumchukua. Nyonga imevunjika. Njia nzima Kasimiri alishika kichwa cha Mama na Beda miguu yake, na hakuna aliyesema, si kwa mtu wala kwa kioo, kwa maana kioo hakikuwepo.

Nilipofungua daftari hili nimesoma nilichoandika tarehe 19 Januari kuhusu kukata simu. Nimeliacha neno "maendeleo" kama lilivyo.

Jumatano, 26 Februari

Mama amelazwa. Atakaa. Nimeifunika kompyuta kwa kanga, Nsajigwa hajauliza. Jua zuri. Nguo za Mama nikizifua asubuhi zinakauka kabla ya muda wa kuona wagonjwa.

Jumapili, 2 Machi

Kasimiri na Beda wanakuja hospitali kila mmoja kwa gari la abiria tofauti, wanakaa benchi moja, miisho miwili. Wagonjwa wengine wanadhani katikati pana mtu amekwenda kujisaidia.

Anga safi. Barabara imekauka, safari ya Sumbawanga imekuwa nyepesi. Namshukuru Mungu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Tumetoka misa ya asubuhi na majivu kwenye paji la uso, tukafika hospitali mapema, hatujaruhusiwa kuingia. Tumekaa benchi la nje, juani, mimi katikati. Beda akasema, akiangalia ukuta:

"Mimi nilikata kwa sababu nilikuwa nimekaribia goli."

Sikujua anamwambia nani. Kasimiri akaangalia ukuta uleule.

"Na mimi kwa sababu ulikuwa unakaribia."

Mhudumu akapita na ndoo, akamwagia maua. Nafikiri ni yale maji ya kwenye ndoo yaliyomfungua Kasimiri mdomo, kwa sababu aliyafuata kwa macho mpaka yakaisha, ndipo akasema:

"Maji yalikuwa yanaingia kaburini, Beda."

"Kaburi gani?"

"La Baba. Tulikuwa tunayachota kwa ndoo na yanarudi. Ukuta mmoja umeanza kumomonyoka. Ulivyopiga simu nilikuwa nimo humo ndani, maji ya magoti. Ningekusubiri, tungemweka juu ya maji. Ningemwacha Baba aelee?"

Nilikuwepo siku hiyo, lakini wanawake tulikuwa tumekaa ndani kwa mvua. Niliona tu kwamba alirudi na tope mpaka kifuani. Nilidhani ni tope la kufukia.

"Mbona hukuniambia?" Beda akauliza.

"Ulifika ukaanza kufoka mbele ya wageni. Nikasema nitakuambia ukipoa." Akajipangusa uso, majivu yakachanganyika na jasho. "Kisha nikaona ukipoa nitaonekana najitetea. Halafu siku zikawa nyingi."

Beda aliinamisha kichwa. Mwisho alisema, taratibu, kwamba yeye kila usiku alikuwa anamwona Baba akiuliza mdogo yuko wapi. Kasimiri akasema hakuuliza, alikuwa amekufa. Lilikuwa jibu baya, nalo ndilo lililomfanya Beda acheke, na kucheka kukamgeukia kilio katikati, mimi nikaangalia ukuta ambao sasa ulikuwa wangu.

Hapo simu ya Beda ikaita. Aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Akasikiliza, "Ndiyo Mama, ndiyo Mama," kisha akainuka, akanipita mimi niliyekuwa katikati, akasimama mbele ya kaka yake na kunyoosha mkono.

"Anakutaka wewe. Yako imeisha chaji."

Kasimiri akaitazama ile simu. Anaijua kuliko simu zote duniani. Imemfunga mabao tangu Januari. Akaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea.

Mama alitaka alete chumvi. Uji wa hospitali hauna.

Jumatatu, 10 Machi

Jua. Wanakuja gari moja.

Jumamosi, 15 Machi

Mama karudi nyumbani, kwa magongo na maagizo. Amekaa kwenye kiti mlangoni akaangalia shamba lake, akawaangalia wanawe. Kasimiri ndiye aliyesema: Jumamosi ijayo, Mama, baada ya wewe kutulia. Beda akasema atakuja na jembe lake na la Baba. Mama akaomba maji akanywa yote.

Nsajigwa naye amerudi toka Mbeya na pedi mpya. Ina waya. Nimemwambia aitundike juu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepika pombe ya ulezi ya kesho, chungu kimoja. Mirija nimeweka pamoja. Nimemuuliza Mama kama nipeleke na kiti chake shambani; amesema nipeleke, na kile kitenge chake cha sikukuu. Siku nzima imekuwa nzuri, hakuna wingu.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefika shambani jua likiwa bado halijachoma. Mama kabebwa na wanawe, huyu huku, huyu huku, akawekwa kivulini na kitenge chake. Beda alitoa jembe la Baba akampa Kasimiri. Kasimiri akalipokea, mkono kwa mkono, wala hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi na Mama, na sisi hatukuangaliana.

Kasimiri akapiga la kwanza. Jembe likaruka. Akahamia pembeni, akapiga tena. Likatoa cheche kwenye jiwe. Beda akajaribu kule chini karibu na kijito. Tukamsubiri. Akarudi na nyasi konzi moja, akaziminya, zikavunjika kwa mlio.

Nimepekua daftari. Mvua ya mwisho kuiandika ni ya siku Mama alipoanguka.

Udongo umekauka. Jembe haliingii.